Maneno Yanayounguza

Somo: Yakobo 3:9–12, Wagalatia 6:1

Karibuni tufikiri pamoja juu ya neno moja la Kiingereza, "scathing". Wasomaji wa magazeti ya Kiingereza hulikuta mara nyingi: ripoti ni "scathing", au hakimu ametoa maneno "scathing". Maana yake ni lawama kali mno, isiyo na huruma. Asili yake ni neno la kale la watu wa Skandinavia, lililomaanisha kudhuru. Mwaka 1667 mshairi John Milton alitumia shina lake kwa miti ya mwituni iliyounguzwa na moto wa mbinguni. Baadaye ndipo likahamia kwenye maneno ya kinywa.

Kuunguza huko wakulima wa Ozi, karibu na Kipini, wanakujua. Pale Mto Tana unakaribia bahari. Bahari ikijaa, huyasukuma maji ya mto yapande mashambani, na mpunga hunywa. Lakini mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda badala ya yale matamu, na mpunga huungua. Njia ni ile ile. Maji ndiyo yanayotofautiana.

Ndugu mpenzi, ndivyo ulivyo ulimi. Tuseme mtunza hazina wa ushirika ameshindwa kueleza fedha za sadaka. Je, tunyamaze? La! Fedha ni za Bwana, naye aulizwe waziwazi. Nathani hakumficha Daudi dhambi yake. Alimwendea mwenyewe, akasema naye hata Daudi akajihukumu, kisha akampa neno la msamaha. Lakini sisi mara nyingi twaanza na hesabu, twamaliza na ukoo wa mtu, umaskini wake na mke wake. Hapo hatutafuti tena fedha, twataka aungue. Jumapili ifuatayo kiti chake ki wazi, na watoto wake hawaonekani.

Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba maneno yao yakolee munyu. Naam, lakini ni munyu wa kutia chunguni, si bahari nzima. Basi kabla hujasimama kusema katika baraza la wazee, jiulize: nikimaliza, ndugu huyu atakuwa na njia ya kurudi? Kama hana, ngoja kwanza. Mto wako umepungua. Mwombe Bwana aujaze.

Bwana awabariki. Amina.