Nani Anatunga Sheria Gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji wa mtaa wa Bel-Air, komine ya Kampemba, Lubumbashi



Mama mmoja wa hapa Bel-Air aliniuliza: "Mwanangu, bunge la jimbo linaweza kutunga sheria ya kumfukuza jirani yangu kwa sababu babu yake alitoka Kasai?" Sikucheka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia zilipolala kwenye stesheni zikingoja gari la moshi la kuwaondoa Katanga.

Mama, jibu ni hapana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imegawa kazi ya kutunga sheria katika mafungu matatu. Kifungu cha 202 kinataja mambo ya serikali kuu peke yake: uraia, jeshi, forodha, sarafu. Kifungu cha 203 kinataja mambo ya pamoja, kama haki za binadamu na haki za ardhi na madini. Kifungu cha 204 ni mambo ya jimbo peke yake: kodi ya nyumba na viwanja, kodi ya mapato ya kupangisha, kodi ya magari.

Sheria ya bunge la jimbo inaitwa edikti. Katika mambo ya pamoja, edikti inayopingana na sheria ya taifa haina nguvu. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 205. Uraia haugusi hata kidogo. Tena kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa popote nchini.

Basi kwa nini tunagombana? Mara nyingi ni pesa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu 50%, jimbo 25%, komine au sekta yenye mgodi 15%, mfuko wa vizazi vijavyo 10%. Barabara yetu ikibaki mashimo, tusimtazame jirani kwa jicho baya. Tuulize hizo asilimia zimefanya nini.

Ndugu zangu, tujue mlango wa kubisha. Kodi ya nyumba ikikulemea, mwone mbunge wa jimbo. Jambo la uraia, mwone mbunge wa taifa. Mtoza kodi akija, mwulize kwa heshima: ni sheria gani, na risiti iko wapi? Anayejua sheria hadanganywi kwa urahisi, wala hatumwi kumpiga jirani yake.