Ghala Zilizojaa na Watoto Waliovia



Siku ya jubilei ni siku ya kuhesabu. Watu huhesabu miaka, na makanisa, na shule. Sisi twaomba ruhusa tuhesabu jambo moja lisilopendeza katika nyanda hizi za juu, yaani kimo cha watoto wetu.

Hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Maana yake, ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Hiyo ni nchi nzima. Lakini katika mkoa wa Iringa walionekana 57, na katika Njombe 50. Tazameni ajabu hiyo! Malori hupakia mahindi kwetu yakaenda kulisha miji. Kama uhaba wa nafaka ungekuwa ndio sababu, sisi tungalikuwa wa mwisho katika hesabu hii.

Wengine hujibu, "Ndivyo tulivyo, hata babu zetu walikuwa wafupi." Jibu la neno hili limetoka mbali. Katika nchi ya Guatemala wako Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi ile, nao ni walaji wa mahindi kama sisi. Hesabu ya mwaka 2014 na 2015 ilionyesha ya kuwa karibu nusu ya watoto wa nchi ile wamedumaa, na kwa wenyeji wa asili wamepita nusu. Nao walidhaniwa kuwa wafupi kwa damu. Hata jamaa nyingi zikakimbia vita, zikahamia Marekani. Na wataalamu walipowapima watoto waliolelewa kule, yapata mwaka 2000, waliwaona wamewapita wenzao wa Guatemala kwa sentimeta zipatazo 10. (Wengi walinenepa kupita kiasi pia, basi hatusifu kila kitu cha kule.) Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni chakula, na maji, na matibabu.

Basi madhara huingia lini? Huingia tangu mimba hata mtoto atimizapo miaka miwili. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yamtosha. Kisha huja uji, na hapo ndipo tunapoanguka. Uji wetu ni wa sembe nyeupe, mwepesi kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo, nalo hujaa maji kabla hajapata cha kumjenga. Msimu wa kilimo mama huondoka alfajiri, mtoto huachwa na dada yake wa miaka saba, na uji wa asubuhi hunywewa mchana ukiwa baridi. Akiharisha, hata kidogo alichokipata humtoka.

Waalimu, mtoto huyo ndiye awajiaye darasa la kwanza. Mkimwona mdogo kuliko wenzake, na mzito wa kushika masomo, msifanye haraka kumwita mvivu. Udumavu hugusa na akili, na kimo kilichopotea katika miaka ile ni vigumu kukirudisha.

Vyakula vya kutufaa havitoki ng'ambo. Maharage tunalima, karanga na dagaa ziko sokoni, mboga za majani zaota nyuma ya nyumba. Uji utiwe karanga zilizosagwa, uwe mzito wa kukaa katika kijiko. Na mayai tunayouza ili tununue sukari, moja na libaki kwa mtoto.

Lakini maneno haya huambiwa akina mama peke yao, huko kliniki. Katika nyumba nyingi gunia la maharage huuzwa na baba, na ndiye aamuaye nani abaki nyumbani wakati wa palizi. Kwa hiyo twaomba mkutano ujao wa habari hii uitishwe siku isiyo ya mnada, na akina baba wapewe viti vya mbele.