Filamu Tatu Kutoka Vugiri



Kati ya mwaka 1935 na 1937 sinema ilikuwa ikitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya New York. Meja L. A. Notcutt, ambaye aliwahi kusimamia shamba la mkonge, alisimamia upigaji picha, naye G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia mafunzo. Zikatoka filamu zipatazo 35, za milimita 16, zikabebwa kwa lori kuonyeshwa usiku viwanjani, hapa Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland. Zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo ziko Uingereza: moja ya minyoo ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na moja ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro.

Tatizo langu na hizo tatu si uchache wake, ni aina yake. Vugiri walitengeneza visa pia. Kimoja kilihusu mtu aliyefukia mshahara wake ardhini akaibiwa, huku mwenzake akiweka wake benki ya posta. Kisa hicho hatunacho. Tulichobakiwa nacho ni masomo matupu, na mwanahistoria asiye mwangalifu atadhani wazee wetu wa miaka ya 1930 walikuwa wakifundishwa tu, asubuhi hadi jioni.

Halafu kuna sauti. Maneno hayakuwa ndani ya filamu, yalikuwa kwenye santuri, ili picha ileile iseme Kiswahili hapa na Kiganda au Kinyanja kwingine. Kopi zilizobaki ni bubu. Wenzangu wa isimu wana haki ya kusikitika: Kiswahili kilichotamkwa kwenye santuri za wakati ule kingewapa kazi ya miaka. Mimi nasikitika nusu. Sauti ile ilikuwa ya mkubwa, ikimwambia mtazamaji atazame nini. Ikinyamaza, jicho linakuwa huru.

Na jicho lina pa kutua. Filamu ya Kingolwira ilikusudiwa kusifu mpango wa kilimo, lakini kamera haina uwezo wa kupiga picha ya mpango peke yake. Mtu akilima mbele yake, hunasa pia jembe, na namna mkono unavyolishika, na paa lililo nyuma, na nguo aliyovaa, na yule aliyepita bila kuitwa. Ripoti ya bwana shamba ingeyaacha yote hayo kwa kuyaona hayana maana. Kwangu mimi, historia ya umma imo humo, kando ya jambo lililokusudiwa.

Ila haisomeki na msomi peke yake. Anayeijua pua ya ukoo ni mjukuu. Anayejua mto ulikuwa wapi kabla ya barabara ni mkazi. Ndiyo maana naiomba Idara ya Historia ya chuo chetu iombe kopi, na zionyeshwe kwanza kijijini kabla ya kuonyeshwa katika ukumbi wa chuo, daftari likiwa wazi na msomi akiwa kimya. Tuanze na ya Kingolwira, kwa kuwa mahali pake panajulikana. Ya safura inaweza kusubiri.