Ukungu wa Ukutani na Mchango wa Mabweni

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya mchango wetu wa mwaka huu, ambao madhumuni yake ni kuyatengeneza mabweni: kuondoa madirisha ya mbao yaliyochoka, kuweka ya alumini na vioo, na kupigilia dari, ili vijana wasiteseke na baridi ya huku Njombe. Mchango huo nauunga mkono, na sehemu yangu nimekwisha kuilipa. Lakini nina ombi moja, na ombi hilo siwezi kulieleza vizuri mpaka kwanza nieleze kosa nililolifanya nyumbani kwangu.

Mimi si mhandisi wala fundi. Ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili na vikao. Nilipomaliza Chuo Kikuu nilipangiwa kazi Dar es Salaam, na mwaka 2015 nikapata uhamisho wa kurudi huku. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Juni yake ya kwanza hapa alipika akiwa amevaa makoti mawili. Basi tulipoanza kujenga mwaka 2017, niliapa kwamba baridi haitaingia nyumbani mwangu.

Fundi mwashi niliyempa kazi alikuwa mtu mzima, aliyejenga nyumba nyingi mjini hapa. Juu ya kila dirisha aliacha matundu ya hewa, kama ilivyo desturi. Nikamwambia ayazibe kwa saruji. Akasita, akasema, "Bosi, nyumba lazima ipumue." Nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi. Akaziba. Madirisha nikaweka ya alumini yanayobana, dari nikapigilia, milango ikafika sakafuni. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zote, na ukuta nusura niujenge vile vile.

Tulihamia mapema mwaka 2018. Ilipofika Juni, vioo vikaanza kutiririka maji kila asubuhi. Nyuma ya kabati la watoto na katika pembe za juu za chumba pakatokea madoa meusi. Nguo zikanuka uvundo. Viatu vyangu vya kanisani nikavikuta vimeota manyoya meupe. Nikanunua rangi, nikapaka. Baada ya wiki chache madoa yakarudi. Nikapaka tena, yakarudi tena. Wakati huo binti yetu mdogo akaanza kukohoa usiku, na kifua kikamlia kama filimbi.

Nikatafuta wa kumlaumu, nikampata fundi. Nikasema ametumia saruji kidogo na mchanga mbaya, na maji yanapanda kutoka msingini. Nikazuia salio lake, shilingi 350,000. Tukaitwa kwa mtendaji wa kata. Pale nilizungumza vizuri kuliko yeye, maana kuzungumza ndiko tulikofundishwa. Fundi akaondoka mikono mitupu.

Aliyenifungua macho ni daktari. Nilimpeleka mtoto kwa mara ya tatu, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Chumba anacholala kikoje?" Nikamweleza. Akasema mtoto mwenye pumu asilale penye ukungu, na kwamba dawa peke yake haitatosha. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya jambo hilo hilo: watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi matatizo ya kifua na pumu.

Jioni ile nilikaa kitandani kwa mtoto nikautazama ukuta. Ilikuwa Julai. Mvua zilikuwa zimekwisha. Kama bati linavuja, linavuja nini? Na kama maji yanapanda kutoka msingini, mbona chini ya ukuta ni pakavu na madoa yako juu, pembeni?

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa Fizikia. Wenzangu wa darasa mtakumbuka siku alipoweka mezani kopo kavu la bati, akatia maji ya baridi sana aliyoyatoa kwenye jokofu la maabara. Baada ya dakika chache kopo likatoa jasho. Akauliza, "Kopo linavuja?" Darasa zima tukajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Akacheka mpaka akavua miwani.

Nikachukua kipande cha nailoni ngumu, nikakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Kama maji yanatoka ndani ya ukuta, asubuhi nailoni italowa upande wa nyuma. Kama yanatoka chumbani, italowa upande wa mbele. Kulipokucha nilikuta matone upande wa mbele. Nikabandua, nyuma palikuwa pakavu. Fundi hakuwa na kosa. Maji yalikuwa yetu wenyewe.

Ndugu zangu, hebu tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofanya katika madarasa haya. Hewa hubeba maji kwa namna ya mvuke, na hewa ya joto hubeba mengi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji. Ikipoa mpaka digrii 10, uwezo wake ni gramu 9 na kitu. Zinazozidi lazima zishuke mahali, nazo hushuka penye baridi zaidi: kwenye kioo, kwenye pembe, na nyuma ya kabati ambako hewa haizunguki.

Maji hayo yanatoka wapi? Mtu aliyelala hutoa kiasi cha gramu 40 kwa saa, kwa pumzi na jasho. Watu wawili wakilala saa 8 wametoa zaidi ya nusu lita, katika chumba kilichofungwa. Ongeza maharage yanayochemka saa tatu, maji ya kuoga, sare za shule zilizoanikwa sebuleni. Ongeza jiko la gesi, maana kila kilo moja ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Lita moja ya mafuta ya taa nayo hutoa kiasi cha lita moja ya maji. Hivyo mtu anayefukuza baridi kwa jiko la mafuta ya taa katika chumba kilichofungwa anakimwagilia maji chumba chake bila kujua.

Lugha yetu ilikwisha kuliona jambo hili. Ule mvuke unaofunika mashamba ya chai asubuhi tunauita ukungu, na ule weusi wa ukutani nao tunauita ukungu. Wa kwanza ukiingia nyumbani usitolewe, ndio unaomlisha wa pili.

Sasa mtaniuliza: asubuhi ya Julai, nje kuna baridi na ukungu, nifungue dirisha niingize unyevu zaidi? Hapo ndipo nilipokosea mimi pia. Hewa ile ya nje, hata ikiwa imejaa, imebeba zile gramu 9 tu. Ikiingia ndani na kupata joto la digrii 20, ina nafasi ya kubeba gramu 8 nyingine kwa kila mita ya ujazo, nayo huzichukua na kutoka nazo. Hewa ya baridi ndiyo inayokausha nyumba huku kwetu.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga wasiichukue hesabu hii kama ilivyo. Kwao hewa ya nje ni ya joto na imebeba maji mengi. Anayewasha kiyoyozi huku amefungua madirisha anayaalika maji hayo yaje yashukie kwenye kuta alizozipoza. Yeye afunge madirisha kiyoyozi kinapofanya kazi, na kisipofanya kazi afungue upepo upite.

Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya nyumbani, nami nayaeleza kwa kuwa yalitufaa.

Kwanza, kila asubuhi tunafungua madirisha yanayotazamana kwa robo saa, na tena baada ya kupika. Kuta hazipoi katika muda mfupi hivyo. Hewa tu ndiyo inayobadilika. Vioo tunavifuta kwa kitambaa, na kitambaa tunakikamulia nje.

Pili, sufuria inafunikwa, mlango wa jikoni unafungwa, dirisha la jikoni liko wazi. Nguo zinaanikwa barazani, hata kama zitachukua siku mbili.

Tatu, makabati yamesogezwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na kitanda cha mtoto kimehamia kwenye ukuta wa ndani.

Nne, ukungu wenyewe tuliuosha kwa maji na sabuni, tukiwa tumefunga kitambaa puani na watoto wako nje. Usiusugue ukiwa mkavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Anayetumia dawa ya klorini asiichanganye kamwe na dawa ya chooni wala kitu kingine, maana hutoa hewa ya sumu. Na rangi isipakwe mpaka ukuta ukauke. Rangi juu ya ukungu ni kama shuka safi juu ya godoro lililolowa.

Tano, na hili nalisema kwa uzito: jiko la mkaa lisilale chumbani. Mkaa hautoi mvuke mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Chumba kilichozibwa vizuri ndicho kinachoua upesi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za waliolala na jiko na hawakuamka.

Lakini ya kwanza kuliko hayo yote ilikuwa kumtafuta fundi. Nilimkuta kwenye kazi nyingine, nikamwomba twende wote kwa mtendaji yule yule. Pale nikasema mbele yao wawili kwamba nilikosea, nikamhesabia fedha zake. Akazipokea, akaziweka mfukoni bila kuzihesabu tena. Akasema, "Bosi, nyumba haijui cheti." Siku iliyofuata alikuja na nyundo na tindo, akayafungua matundu yote niliyomlazimisha kuyaziba, akayawekea wavu. Kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Nilipomuuliza gharama, akataja bei ya kawaida, wala hakuongeza hata shilingi ya hasira.

Madoa hayakwisha siku ile. Yalikwisha msimu uliofuata. Binti yetu bado ana pumu na bado ana dawa yake, lakini usiku analala.

Ninyi vijana, nanyi mna sehemu yenu. Sisi katika bweni letu tulikuwa tukiziba matundu ya hewa kwa magazeti na soksi kuukuu. Mwalimu wa zamu alikuwa akipita anachomoa na kutupa, nasi tukisema anatutesa. Leo namwomba radhi, popote alipo. Bweni moja la vijana 40, kwa hesabu ile niliyoitoa, humwaga hewani lita 12 na zaidi za maji kila usiku. Hizo ni karibu ndoo moja ya kuogea. Basi mkienda darasani acheni madirisha wazi. Msianike nguo mbichi kwenye vyuma vya vitanda. Matranka yasigande ukutani. Na mwenzenu akikohoa kila usiku, msimcheke. Mpelekeni kwa matroni.

Sasa ombi langu, Ndugu Mwenyekiti. Tununue madirisha, tupigilie dari. Dari itasaidia kweli, maana bati tupu ndilo linalopoa kuliko vyote, na ndilo linalowadondoshea vijana maji usoni alfajiri. Lakini naomba mambo matatu yaandikwe katika makubaliano na fundi kabla fedha haijatoka. Moja, matundu ya hewa yaliyoko juu ya madirisha yabaki wazi, yawekwe wavu mpya. Mbili, madirisha yafunguke pande zote mbili za bweni, hewa ipate kuingia na kutoka. Tatu, pajengwe kibanda cha kuanikia nguo, chenye paa na kisicho na kuta. Kibanda hicho kikionekana kinazidi bajeti yetu, mbao za paa nitatoa mimi.

Tusije tukachanga fedha nyingi kwa upendo, tukawajengea wadogo zetu chumba kama kile nilichomjengea binti yangu. Na fundi atakayepewa kazi akituambia jambo, tumsikilize.