Kura Iliyosusiwa Haimalizi Hoja
Visiwa vya Kaledonia Mpya, vilivyo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki, vimepiga kura mara tatu kuhusu uhuru, kwa mujibu wa Mkataba wa Nouméa wa 1998. Mwaka 2018 waliokataa uhuru walikuwa asilimia 56.7. Mwaka 2020 wakashuka hadi 53.3. Desemba 2021 wakapanda ghafla hadi 96.5.

Je, wananchi walibadili mawazo kwa mwaka mmoja? La hasha. Wakanaki, wenyeji wa asili, walikuwa msibani: Uviko-19 ulikuwa umewachukua jamaa zao, na baraza la wazee wa mila likatangaza maombolezo ya mwaka mzima. Viongozi wao waliomba kura iahirishwe. Paris ikakataa, nao wakasusa. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 44, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 85.

Wala hoja haikuisha hapo: Mei 2024, mpango wa Paris wa kupanua daftari la wapiga kura ulizua ghasia zilizoua watu na kuteketeza maduka katika mji mkuu, Nouméa.

Maoni ya umma hayapimwi kwa asilimia ya washindi peke yake. Anayetaka jibu litakaloheshimiwa, kwanza ahakikishe pande zote zimefika kituoni.