Pikipiki ya Mizigo Ikitetemeka Nyuma

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na kikundi chenye pikipiki ya magurudumu matatu)



Leo tuzungumze juu ya chombo chetu cha kupeleka mahindi mashineni na mbolea shambani. Magurudumu yake ya nyuma hayavutwi na mnyororo. Nguvu ya injini hupita katika propela shafti, yaani lile bomba la chuma linalozunguka chini ya bodi. Propela shafti huzungusha difu, na difu huzungusha magurudumu. Basi nyuma pakitetemeka, tusikimbilie dukani kununua vipuri. Tutafute kwanza ubovu uko wapi.

Kwanza, sikiliza. Gurudumu likizunguka mara moja, shafti huwa imezunguka mara kadhaa. Kwa hiyo gurudumu bovu hurusha kwa mapigo ambayo ukienda polepole unaweza kuyahesabu. Shafti mbovu hutetemesha upesi upesi, na mwendo ukizidi nayo huzidi. Ukisikia "ko!" wakati wa kuachia klachi, shuku viungo vya shafti.

Pili, kagua magurudumu. Simama mahali tambarare, zima injini, uweke mawe mbele na nyuma ya gurudumu la mbele. Kaza nati zote. Pima upepo; matairi mawili ya nyuma yawe sawa. Kwangua tope lililoganda ndani ya ringi. Tope la upande mmoja tu latosha kutetemesha chombo.

Kisha inua nyuma kwa jeki, uweke magogo imara chini ya ekseli. Usiingie kamwe chini ya chombo kilichoshikwa na jeki peke yake! Toa gia. Shika kijiti karibu na ringi, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kupungua, ringi imepinda. Tazama pia kama tairi limevimba. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza na nati zimekazwa, beringi yaweza kuwa imekwisha.

Tatu, kagua shafti. Injini iwe imezimwa. Tazama kama bolti zote zipo na zimekaza, na kama shafti imegongwa na jiwe ikapinda. Kila kiungo kina chuma chenye umbo la msalaba, kilichoshikwa na panda mbili. Zungusha kidogo panda moja huku na huku. Ikicheza na mwenzake ametulia, kiungo kimelika. Unga mwekundu wa kutu hapo ni dalili ya kukosa grisi.

Shafti ikilegea, msiendelee na safari. Ikikatika mbele, ncha yake yaweza kuchimba ardhi na kupindua chombo pamoja na dereva.

Sasa niwape kisa. Kikundi kimoja kiliuza mahindi, kikanunua matairi mawili mapya ili kuondoa mtetemeko. Haukuondoka. Wakaanza kuchangishana fedha za difu. Nikauliza, "Mna daftari la chombo?" Mama katibu akalileta. Alikuwa ameandika kwa mkono wake: tarehe 3, shafti imefunguliwa, kiungo kipya kimewekwa. Tarehe 4, dereva asema nyuma kunatetemeka.

Tukamwita fundi, akachungulia. Shafti ile ina sehemu mbili zinazoingiana kwa meno. Panda za ncha zote mbili za shafti zinapaswa kulingana. Wakati wa kurudisha, sehemu moja iliingizwa katika jino jingine, panda zikapishana. Fundi akachomoa, akalinganisha, akafunga. Mtetemeko ukaisha. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Ndugu zangu, matairi yale yalinunuliwa bure kwa sababu daftari halikufunguliwa mapema. Tangu leo tuandike kila tengenezo na tarehe yake. Na kabla shafti haijafunguliwa, mwambieni fundi apige mstari wa rangi kupita sehemu zote mbili, ili zirudi zilipokuwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini shafti mbovu hutetemesha upesi kuliko gurudumu bovu?
2. Nani katika kikundi chenu atatunza daftari la chombo?
3. Mara ya mwisho viungo vya shafti vilitiwa grisi lini?