Kagua Waya za Nyumba Kabla ya Kulipa Garanti
Maneno kwa mama wa kiliniki



Leo ni siku ya kilo. Kwa kawaida tunasema juu ya uji, chanjo na chandarua. Leo tuseme juu ya umeme, ao kuran kama tunavyoiita hapa Kisangani. Kwa sababu gani? Kwa sababu kuran inaweza kuua hata mtoto aliyemaliza chanjo zote na mwenye kilo nzuri.

Siku moja tuliletewa mtoto wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa ameanika nguo juu ya kamba ya chuma. Waya ya kuran, iliyotoka kwa jirani, ilikuwa imechubuka na kugusa ile kamba. Mtoto akavuta shati lenye maji, akakamatwa. Mama akamrukia, naye akakamatwa. Jirani alikata kuran upesi, wote wawili wakapona, lakini mtoto alipoteza vidole viwili. Mama akatuambia: "Ile waya niliiona tangu siku ya kuhamia. Niliogopa kusema, mwenye nyumba asitufukuze."

Mama, neno langu ni hili: ukague na useme kabla ya kulipa garanti. Wakati feza ingali mkononi mwako, mwenye nyumba anasikiliza. Ukiisha kumpa, atasema "kesho", na kesho yake ni ndefu.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA
Kutazama ni kazi ya macho, si ya mikono. Usiguse kitu.

1. Waya. Zinaingia nyumbani namna gani? Waya iliyofungwa juu ya miti, iliyolala juu ya mabati, ao iliyounganishwa kwa vipande vya mfuko, ni hatari.

2. Prizi na swichi. Zisiwe zimevunjika, zimeungua na kuwa nyeusi, ao ziko chini ambapo mtoto anaweza kutia kidole ao msumari.

3. Sanduku la kuran. Uulize: disjonkteri iko wapi, na mimi mpangaji ninaweza kuifikia usiku? Ikiwa fizibili imetengenezwa kwa kipande cha waya tu, haitakata kuran wakati wa hatari, nyumba itaungua.

4. Mahali pa maji. Prizi isiwe karibu na pahali pa kuoga ao pa kufulia. Mwili wenye maji unapitisha kuran zaidi sana kuliko mwili mkavu. Utazame pia kama mvua inapenya penye waya.

5. Ulinzi. Uulize kama kuna waya inayoshuka ardhini, na disjonkteri ile fundi wanayoiita diferensieli ya miliampea 30. Hiyo inakata kuran upesi sana ikipotea njia na kupita katika mwili wa mtu.

Ukiona ubaya, sema kwa heshima: "Papa, nyumba iko muzuri, lakini hii waya iko mubaya. Lete fundi wa kuran aitengeneze, ndipo nitalipa." Hii si kiburi. Musome Kumbukumbu la Torati 22:8: mwenye kujenga nyumba anaamriwa kuweka kizuizi juu ya dari, mtu asianguke na damu yake kuwa juu ya nyumba ile. Waya nzuri ndiyo kizuizi cha siku zetu.

Na wewe uliyeisha kuingia? Usiende peke yako. Wapangaji wote wa parseli muende pamoja kwa mwenye nyumba. Akikataa, muende kwa mkubwa wa kartie. Wakati munangoja, mukate kuran ya chumba kile. Afazali taa ya betri kuliko kilio.

Mukumbuke tena: kuran yetu inayotoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo inakatika mara nyingi. Usishike waya kwa kusema "kuran haipo". Inarudi bila kubisha hodi.

MTU AKIKAMATWA
Musimguse kwa mikono! Mukate kuran kwanza. Kama haiwezekani, simama juu ya ubao mkavu, umsukume aachane na waya kwa mti mkavu, kama mchi wa kutwangia. Kamwe si kwa chuma, wala kwa kitu chenye maji.

Lakini waya kubwa ya barabarani ikianguka, hata mti hautoshi. Mukae mbali, zaidi ya metre 10, na muzuie watoto. Tarehe 2 Februari 2022, pale soko la Matadi Kibala, Kinshasa, waya ya namna hiyo ilianguka mahali palipokuwa na maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao mama wenye kuuza.

Kisha mtu akiachiliwa:
– Kama hapumui, umlaze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, upesi upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ikiwa ni mtoto, umpulizie pumzi mdomoni pia. Usiache mpaka msaada ufike.
– Kama ameungua, umwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta ya mawese, dawa ya meno, wala udongo.
– Umlete hospitali hata akisema "mimi mzima". Kidonda cha kuran ni kidogo nje, lakini ndani kinaweza kuwa kikubwa, na moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Mama, ukifika nyumbani leo, kabla ya kuweka sufuria motoni, zunguka nyumba na utazame waya moja moja. Ile utakayoiogopa, uiseme leo leo.

Bwana alinde nyumba zenu na watoto wenu.